Kucheza maneno, kuchangia mchele: mwongozo kamili wa Freerice kwa wanafunzi, walimu na wazazi

Kila Jumatano saa tisa alasiri, kipindi cha mwisho kikishaisha, wanafunzi wapatao thelathini hujibana kwenye chumba cha kompyuta cha shule ninayofundisha Kiingereza hapa Morogoro. Kompyuta zinazowaka ni tisa, kwa hiyo hukaa watatu watatu, wengine wanne. Wanacheza Freerice. Neno la Kiingereza linatokea kwenye skrini na chini yake majibu manne, unachagua lenye maana inayokaribiana nalo, na ukipatia, punje za mchele zinaingia kwenye bakuli lililochorwa pembeni. Punje hizo si pambo. Zinahesabiwa, zinageuzwa kuwa fedha, na fedha hizo zinakwenda kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kulisha watu wenye njaa.

Klabu hii ina miaka minne sasa. Walimu wenzangu na wazazi huniuliza mambo yaleyale: inaanzwaje, inakula bando kiasi gani, je ni kweli au ni utapeli, na mtoto anafaidika nini. Nayaandika yote hapa, kuanzia mwanzo kabisa.

Kabla ya kufungua chochote, jua mchele unatoka wapi

Mwanafunzi wa kidato cha pili atakuuliza ndani ya dakika tano: "Mwalimu, nani analipa?" Uwe na jibu.

Freerice ilianza tarehe 7 Oktoba 2007. Aliyeitengeneza, John Breen, ni mtaalamu wa programu za kompyuta kutoka jimbo la Indiana, Marekani. Mwanawe alikuwa akijiandaa kwa SAT, mtihani ambao wanafunzi wa kule hufanya kabla ya kuomba chuo kikuu, na baba akatafuta namna ya kumwongezea msamiati. Siku ya kwanza zilipatikana punje 830 tu. Habari zikasambaa upesi, na mwaka 2009 Breen akaikabidhi tovuti kwa WFP, ambao ndio wanaiendesha hadi leo. WFP lina makao makuu Roma, lilianzishwa mwaka 1961, na mwaka 2020 lilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Fedha zenyewe hutoka kwa watangazaji na wafadhili. Kampuni inalipa ili tangazo lake lionekane mbele ya macho ya wachezaji, na malipo hayo ndiyo yanayogeuka chakula. Wewe hutoi hata senti. Unachotoa ni muda na macho yako. Ndiyo maana, kama kivinjari chako kimewekewa kizuizi cha matangazo, kiondoe kwa ukurasa huu mmoja. Ukikiacha, unajifunza vizuri tu, lakini unaziba mlango ambao fedha hupitia.

Fedha za mwanzo zilinunua mchele wa kuwalisha wakimbizi 27,000 waliotoka Myanmar wakawa Bangladesh, kwa muda wa wiki mbili. Nyingine zililisha wanafunzi 66,000 nchini Uganda kwa wiki moja. Habari ya Uganda huisimulia kila Januari kwa wanaojiunga upya, kwa sababu njaa ya mwanafunzi wanaijua. Baadhi yao hutembea saa nzima kuja shule wakiwa wamekunywa chai kavu.

Unahitaji nini

Kompyuta au simu janja, intaneti, daftari na kalamu. Daftari ni la lazima, nitalieleza mbele.

Kwenye simu unaweza kutumia kivinjari cha kawaida au programu ya Freerice yenyewe. Andika freerice.com kwa mkono wako kwenye kivinjari. Usifuate kiungo ulichotumiwa. Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja alitumiwa kwenye kundi la WhatsApp kiungo kilichosema "cheza, lisha watoto yatima, upate zawadi". Ukurasa ukamwomba namba ya simu, kisha namba ya siri ya pesa za mtandaoni. Akaiandika. Simu ilikuwa ya mama yake, na akiba ya mauzo ya vitumbua vya wiki nzima ikaondoka usiku uleule. Nilikwenda nyumbani kwao kumwomba mama yule radhi, kwa sababu hamu ya michezo hii mwanawe aliipata kwangu, na kumwonya nilikuwa sijamwonya. Tangu hapo somo la kwanza la klabu ni hili: mchezo halali wa kuchangia haukuombi pesa ili uanze, haukuombi namba ya siri, haukuahidi zawadi, wala haukulazimishi utume ujumbe kwa watu kumi. Ukiona hata kimoja kati ya hivyo, funga ukurasa.

Kuhusu bando, mchezo wenyewe ni maandishi na picha ndogo, si video, kwa hiyo haunyonyi sana. Kinachomaliza MB mara nyingi ni programu nyingine za simu zinazojisasisha kimyakimya wakati wewe uko mtandaoni. Zima masasisho hayo kwanza.

Kuanza

Ukurasa ukifunguka, unaweza kuanza kucheza mara moja bila kujiandikisha. Punje zako zitahesabiwa. Ukijiandikisha kwa barua pepe na jina la kuchezea, faida ni kwamba jumla yako inatunzwa siku hadi siku na unaweza kuingia kwenye kikundi.

Kwa watoto nashauri hivi: mzazi au mwalimu ndiye ajiandikishe kwa barua pepe yake, na jina la kuchezea lisiwe jina halisi la mtoto, wala lisitaje shule au mtaa wake. Wanangu wa klabu hutumia majina ya ndege na samaki. Tunao Kanga, Kolekole, Changu, na mmoja aliyesisitiza kuitwa Mbuni.

Kisha chagua somo. Msamiati wa Kiingereza ndio wa asili, lakini yamo pia majedwali ya kuzidisha, alama za elementi za kemia, miji mikuu ya nchi, bendera, michoro maarufu na lugha kama Kihispania na Kifaransa. Kama unamsaidia mtoto wa msingi ambaye Kiingereza bado kinamkwaza, muanzishie jedwali la kuzidisha. Apate ushindi wa mapema. Msamiati atauhamia mwenyewe akiona wenzake wanaucheza.

Namna mchezo unavyokupima

Hapa ndipo wengi hukata tamaa kwa kutojua. Mchezo hupanga maneno kwa ngazi. Kanuni uliyojengwa nayo tangu mwanzo ni kwamba ukipatia maneno matatu mfululizo unapanda ngazi, na ukikosa moja unashuka. Maana yake utakuwa unakosa daima, hata ukiwa profesa, kwa sababu mchezo unakutafutia mahali ambapo maneno yanaanza kukushinda, na kukuweka hapo. Mwanafunzi akikosa neno moja kati ya manne au matano, yuko mahali pake hasa. Waambie hivyo kabla hawajaanza, maana mtoto aliyezoea alama nyekundu za daftari la shule atadhani anafeli.

Na neno ulilokosa hurudi baada ya maswali machache. Hiyo ndiyo siri ya mchezo huu kufundisha. Jibu sahihi huonyeshwa papo hapo, kisha neno linakuja tena kabla hujalisahau.

Kubuni kwa akili

Hatua hii nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayotofautisha anayebonyeza ovyo na anayejifunza, na kwa sababu sisi wenye Kiswahili tuna mtaji ambao hatuutumii.

Kwanza ondoa majibu yasiyowezekana. Tuseme neno ni "arid" na majibu ni dry, angry, early, noisy. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikimbilia angry kwa sababu sauti za maneno hayo mawili zinafanana kidogo. Nikamwuliza, umewahi kuliona neno hili wapi? Akafikiri, akasema, "Jiografia. Arid and semi-arid." Dodoma, Singida, nchi kame. Akabonyeza dry, punje zikaanguka, na hajalisahau tena. Kwa hiyo swali la kwanza kwa neno lolote gumu lisiwe "lina maana gani", liwe "nililiona wapi". Vitabu vya jiografia, baiolojia na historia vimejaa maneno ambayo mwanafunzi ameyakariri bila kujua kwamba anayajua.

Pili, tazama vipande vya neno. "Bene-" mwanzoni ni wema, "mal-" ni ubaya. Anayejua malnutrition, yaani utapiamlo, tayari ana ufunguo wa malevolent na malice.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu, sikiliza Kiarabu kilichomo ndani ya Kiingereza. Kiswahili kilichota maneno kwa Waarabu, na Kiingereza kilichota pia, kwa njia ndefu ya Italia, Hispania na Ufaransa. Wakati mwingine ni neno lilelile moja lililosafiri njia mbili. "Cipher" na sifuri yetu ni ndugu wa tumbo moja. "Tariff" na taarifa yametoka kwenye neno moja la Kiarabu la kujulisha, nao orodha ya ushuru kwa asili ni tangazo. "Admiral" analo ndani yake neno lililotupa amiri. "Alcove", ile sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kama chumba kidogo, ni binamu wa kuba la msikiti. Na "magazine", ambalo kila mtu analijua kama jarida, mchezo unaweza kukuletea kwa maana ya ghala. Ukishangaa, kumbuka hazina. Mzizi ni uleule wa kuweka akiba.

Siku niliyoandika maneno hayo matano ubaoni, chumba kilikuwa kimya kabisa. Kisha kijana mmoja anayesoma madrasa akaanza kuwatajia wenzake maneno mengine aliyoyahisi. Mawili alikosea, moja alipatia. Kuanzia hapo yeye ndiye mtu wetu wa kuulizwa.

Anayecheza Kihispania ana mtaji mwingine, wa Wareno. Kireno na Kihispania ni lugha za ukoo mmoja, na pwani yetu ilibaki na maneno ya Wareno: "mesa" ni meza, "bandera" ni bendera, "vino" ni mvinyo. Ila kuna mitego. "Pera" kwa Kihispania ni tunda jingine, jamii ya pea, si lile pera letu la kuchuma mtini. Na gereza letu limetokana na neno la Kireno la kanisa, kwa hiyo ukiona "iglesia" usichague jela.

Daftari

Gawa ukurasa mara tatu. Safu ya kwanza neno, ya pili maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe, ya tatu sentensi moja uliyoitunga kuhusu kitu unachokijua. Andika maneno uliyoyakosa tu. Ukiyaandika yote utachoka siku ya pili na daftari litatupwa.

Kiwango chetu ni maneno kumi kwa Jumatano. Wengine huleta ishirini, nawapunguzia. Safu ya Kiswahili ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye faida. Tulibishana robo saa kuhusu "reluctant": ni mwoga, ni mvivu, au ni anayesitasita? Tulipokubaliana kusitasita, hakuna aliyekuwa na haja ya kulikariri tena. Hata jina la mchezo lilileta mjadala. Kiingereza kina "rice" moja. Sisi tuna mpunga ukiwa shambani, mchele ukishakobolewa, wali ukishaiva. Tukaamua ni punje za mchele, kwa sababu haujapikwa.

Kucheza kwa kikundi

Ukishajiandikisha unaweza kuunda kikundi na kuwaalika wengine, na punje za kila mmoja zinajumlishwa. Familia iliyotawanyika inaweza kufanya hivi pia, mmoja Mombasa, mwingine Muscat, shangazi London, wote bakuli moja.

Kwenye chumba chenye kompyuta chache, usiwaache watatu wagombee panya. Mmoja anabonyeza, wa pili anasoma neno kwa sauti, wa tatu anaandika daftari. Kila baada ya maneno ishirini wanabadilishana. Na jibu halibonyezwi mpaka wote watatu wamesema chaguo lao. Kanuni hii inapunguza kasi, lakini imemfungua mdomo mtoto mmoja ambaye kwa muhula mzima hakuwahi kuzungumza darasani kwangu.

Mashindano ya nani ana punje nyingi yawe machache. Yakizidi, watoto wanaanza kubahatisha ili waende haraka, na utakuta mmoja ametafuta programu ya kujibonyezea yenyewe. Hiyo ikatae kabisa. Mtangazaji analipia macho ya binadamu, na punje zilizohesabiwa na mashine ni udanganyifu juu ya sahani ya mtu mwenye njaa.

Piga hesabu ya kweli

Tulichota mchele wa Kilombero, tukamwaga kwenye ungo, tukahesabu punje 500 kwa vidole. Tukazipeleka maabara, kwenye mizani ya kemia. Gramu 10. Kwa hiyo gramu moja ni kama punje 50, na kilo ni kama punje 50,000.

Kwa miaka mingi kila jibu sahihi limekuwa punje 10. Kiwango hicho kimewahi kubadilika, kuna wakati mwishoni mwa 2007 kilikuwa 20, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye ukurasa siku unayocheza na uweke namba hiyo kwenye hesabu yako. Kwa punje 10, majibu sahihi 100 ni punje 1,000, yaani gramu 20. Ukiukunja mkono, zinaenea kwenye kiganja. Mtu mzima tumpe gramu 400 za mchele kwa siku: hizo ni punje 20,000, majibu sahihi 2,000. Klabu yetu yote ikijitahidi alasiri nzima, kila mwanachama majibu sabini hivi, tumemlisha mtu mmoja siku moja.

Mara ya kwanza nilipowaonyesha hesabu hii niliogopa watavunjika moyo. Mmoja akasema, "Kwa hiyo kila Jumatano kuna mtu mmoja anakula kwa sababu yetu." Tukaendelea kucheza.

Hesabu hii inakusaidia pia kuamua. Tuseme kilo ya mchele dukani ni shilingi 3,000. Gramu 20 ni shilingi 60. Ukinunua bando la shilingi 1,000 kwa ajili ya kujibu maswali 100 tu, umetumia zaidi ya ulichochangia. Kwa hiyo cheza pale ambapo intaneti ipo tayari, shuleni, maktaba, kazini wakati wa mapumziko, au kwa MB zilizokaribia kwisha muda wake usiku. Na kama lengo lako ni kuchangia tu na uwezo unao, toa fedha moja kwa moja. WFP wana programu ya simu iitwayo ShareTheMeal, ya tangu 2015, ambayo unachangia mlo kwa kugusa skrini, ukiwa na kadi ya benki. Freerice ni ya anayetaka kujifunza na kutoa kwa wakati mmoja, na kwa mwanafunzi asiye na shilingi mfukoni ni nafasi adimu ya kuwa mtoaji.

Umeme ukikatika

Hapa kwetu hukatika. Weka tayari kadi hamsini za karatasi ngumu: mbele neno na majibu manne, nyuma jibu. Chukua maneno kutoka kwenye madaftari yao wenyewe. Sahani moja ya bati katikati, na kila jibu sahihi mtoto anaweka punje kumi za mchele halisi kwenye sahani. Mchezo ni uleule, isipokuwa hakuna mtangazaji wa kulipa.

Kwa sababu hiyo, Jumatano ya mwisho ya muhula kila mwenye uwezo huleta glasi moja ya mchele kutoka nyumbani, kwa idhini ya mzazi, na asiye nacho huja kuhesabu na kupima. Mchele huo unakwenda kwenye jiko la shule, kwa wanaobaki kusoma jioni. Muhula uliopita ulijaa ndoo ya lita kumi, karibu kilo saba. Tukaandika ubaoni: punje 350,000, majibu sahihi 35,000. Wakasimama wakiitazama ile ndoo.